Kichwa cha Baridi

Sekela Mahenge aliingia kliniki ameshika kichwa kwa mikono miwili, nami badala ya kumhurumia nikafurahi. Nalisema hili mapema ili nisije nikasomwa kama mtu mwema. Ilikuwa imepita miaka minne bila mtu yeyote wa Uwandani kuniambia kichwa kinamuuma, na mtu aliyesomea kazi moja maisha yake yote, kisha akanyimwa, huwa na njaa nayo.

Hapa kwetu vichwa haviumi. Kila aliyetimiza mwaka mmoja ana kizimio nyuma ya sikio, punje kama ya mtama chini ya ngozi. Kichwa kikitaka kuanza, punje hukisikia kabla ya mwenyewe, huuliza Mtambo ulioko chini ya kliniki hicho ni kichwa cha aina gani, na Mtambo hujibu kwa neno moja kati ya mawili: kizimwe, au kiachwe. Yote hayo huchukua muda wa kupiga chafya. Mwenye kichwa anaendelea kumenya viazi, hana habari.

Cha Sekela nilikuwa nimekitoa mwenyewe wiki iliyotangulia, kwa sababu ngozi ilitunga usaha. Nilimwambia avumilie siku kumi kidonda kipone, nimwekee kingine. Kwa hiyo katika watu elfu tatu wa makazi yetu, ukiacha watoto wachanga, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na kichwa kilicho wazi.

Nilikuwa nimetoka kumhudumia Bi Eselina wa nyumba thelathini na moja, aliyefuata dawa ya chango kwa mjukuu wake wa siku kumi na mbili. Mtoto analia siku ya tatu sasa hanyamazi, alisema, na mkamwana wake Lusia amekuwa mzito wa kuamka, anajidekeza. Nilimpa chupa ya dawa, nikamtania kwamba mjukuu amerithi mdomo wa bibi yake. Akacheka, akaenda zake.

Nikamgeukia Sekela na kumwuliza yale maswali ya zamani, nikiyafurahia kama mtu aliyekuta gauni la ujana wake bado linamtosha. Kinauma wapi? Kote, alisema, kama kitambaa kilichokazwa. Kinapiga au kinabana? Kinabana. Hapo kipandauso nikakitoa, maana chenyewe hupenda upande mmoja, hupiga kama mchi, na mwenye nacho hujifungia gizani asitake kusikia hata kijiko kikigonga kikombe. Kilianza ghafla? Polepole. Basi si kile tunachokiita radi, kinachokuja kwa mpigo mmoja, ambacho ukikisikia huulizi swali la pili, unamkimbiza mgonjwa kwa mpasuaji. Nikamwinamisha shingo, kidevu kikagusa kifua bila taabu. Homa hakuwa nayo, macho yalikuwa yanaona sawasawa, mikono yote miwili ilikuwa na nguvu.

Nikamwambia ni kichwa cha baridi tu, nikanyoosha mkono kuchukua kopo la vidonge. Uwandani kila mtu anakijua kichwa hicho. Huja Juni, huondoka Agosti, kinashika nyumba nzima, na tangu kizimio kije hakuna aliyekikumbuka tena.

"Cha ajabu," alisema, "hapa kwako kimepungua."

Mkono wangu ukabaki kwenye kopo. Nikamwomba anieleze. Akasema akienda sokoni kinapotea, akirudi nyumbani hata nusu saa haiishi, kimerudi. Jumapili alishinda kanisani hadi mchana, hakuwa nacho kabisa. Watoto wake hawalalamiki, wana vizimio, lakini kila asubuhi wanatapika, naye amewaachisha maharage. Na paka wao amekufa juzi.

Nikauliza paka alikufaje.

"Tulimkuta amelala tu, pale karibu na..." Akakatisha, akaangalia sakafu.

Sikumlazimisha amalizie. Uwandani hakuna asiyejua sentensi hiyo inaishia wapi. Wazazi wetu walipandishwa huku juu ya milima ya Kipengere wakati mabonde yalipokuwa hayakaliki kwa joto, wakajengewa nyumba zilizozibwa kama chupa ya chai ili zitunze joto la umeme wa upepo. Mpango mzuri, ila aliyeuchora hakuwahi kulala huku mwezi wa Julai. Julai ukungu unatua, upepo unakufa, umeme unagawiwa saa nne kwa siku, na feni za kubadilisha hewa zinasimama pamoja na vipasha joto. Basi watu wana majiko ya mkaa. Ni marufuku, na adhabu yake ni kurudishwa bondeni familia nzima. Kila chumba kina kipima hewa darini kinacholia hadi ofisini, na kila mwenye nyumba anajua kukinyamazisha: unakivisha mfuko wa plastiki, juu yake soksi, unakaza kwa uzi. Mkaguzi akibisha hodi, soksi inavuliwa na jiko linasukumwa uvunguni. Tunacheka sana kuhusu soksi hizo. Mimi mwenyewe yangu ni ya kijani.

Nikamwuliza Sekela jiko lake linawaka saa ngapi mpaka saa ngapi. Akaanza kulia, akaniomba nisimwandike. Nikamwambia simwandiki, aende sasa hivi awatoe watoto nje, alitoe jiko nje, afungue mlango, na asirudi ndani mpaka nimwambie. Mkaa uliokolea vizuri hautoi moshi wala harufu, lakini hewa yake inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa nzuri, haitoki. Dalili yake ya kwanza ni kichwa kinachobana kote, cha nyumba nzima kwa mpigo, kinachopungua mtu akitoka nje.

Dalili hiyo mimi ndiye niliyeiingiza kwenye Mtambo kwa jina la kichwa cha baridi. Niliogopa. Sina neno jingine la kulipamba hilo. Nikakaa kwenye kiti cha mgonjwa.

*

Chini ya kliniki kuna chumba chenye joto pekee la kudumu katika makazi yote, kwa sababu Mtambo hauruhusiwi kupoa. Miaka sita iliyopita nilishinda humo miezi kumi na minane nikiufundisha. Mgonjwa alivalishwa kofia ya nyaya, mimi nikamhoji na kumpima, na Mtambo ulipokuwa umekwisha kuuchora msukosuko wa kichwa chake uliniuliza maswali mawili kwenye kioo: Kiitweje? Kizimwe au kiachwe? Radi nilisema kiachwe, kengele ilie. Cha uti wa mgongo, kiachwe. Cha mjamzito mwenye shinikizo la damu, kiachwe. Kipandauso, kizimwe. Cha uchovu na mawazo, kizimwe. Kisha ukaja msimu wa ukungu, wakaja watu mia tatu na kumi na wawili wenye kichwa kinachobana, na mimi, mzaliwa wa milima hii, niliyelelewa na mama aliyekuwa anasema hicho ni cha baridi, funga kitambaa, niliandika mara mia tatu na kumi na mbili: Kichwa cha baridi. Kizimwe. Mgeni kutoka pwani angeshtuka. Angeuliza baridi gani hiyo inayotapisha. Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa najua.

Nikauandikia Mtambo unihesabie vichwa vya baridi tangu ukungu utue. Ukajibu kwamba umezima mara elfu sita mia nne na kumi, katika vichwa mia tisa na saba. Nikauliza ni vichwa vya nyumba zipi. Hapo haukuwa na jibu, na nilijua hautakuwa nalo. Wananchi walikubali punje ile nyuma ya masikio yao kwa sharti moja, kwamba Mtambo usijue jina la mtu wala mlango wake. Lilikuwa sharti zuri, na nililipigia kura kwa mikono miwili.

Mtu aliyezimiwa kichwa mara moja hana neno. Lakini niliona kwenye orodha vichwa vilivyozimwa mara hamsini, mara sabini, ndani ya siku tisa. Huyo ni mtu ambaye mwili wake umepiga kelele mara sabini nasi tukaufunga mdomo mara sabini. Nikawakumbuka wazee wa mtaa wa Ilomo, mume na mke, waliokutwa Juni kitandani wameshikana mikono. Makazi yote yalisema kifo kizuri kilioje. Nilikagua miili yao, nikaona kucha na ndani ya midomo vina wekundu wa afya, nikaandika: uzee.

Nilijaribu kukifuta kile kichwa kimoja peke yake. Mtambo ulikataa. Kimekaa pamoja na kichwa cha uchovu kama nyuzi za mkeka mmoja, ukivuta mmoja unafumua wote. Njia iliyobaki ilikuwa kuufunga Mtambo mzima na kuufundisha upya. Ukigeuza ufunguo, unajifunga ngazi kwa ngazi kwa saa mbili, halafu unakaa umefungwa saa sita. Kwa saa sita hizo kila kichwa Uwandani kinakuwa wazi: chenye kipandauso, chenye uchovu, na cha mdogo wangu.

*

Mkuu wa makazi, Bwana Luvanda, alinipokea amejifunga blanketi juu ya koti la kazi. Si mtu mbaya, na naliandika hili kwa sababu wengi watataka awe mbaya. Nilimwomba kwanza arudishe umeme wa feni. Akanionyesha akiba iliyobaki: inatosha pampu za maji na kliniki, hadi keshokutwa. Nikamwomba atangaze kwenye vipaza sauti kwamba kila mwenye jiko alitoe nje, hataadhibiwa. Akasema haitasaidia. Mwaka jana alitangaza maneno hayohayo, familia kumi na moja zikaja na majiko yao, na amri ikaja kutoka juu zirudishwe bondeni. Tangu siku hiyo akitangaza hata muda wa maji watu wanahisi mtego. Wakaguzi wake ni wanne, nyumba ni mia sita na arobaini, na kila hodi inasukuma jiko lenye moto chini ya kitanda cha mtu. Wakati huohuo Sekela alikuwa amejaribu kuwaonya jirani zake wawili, wakamwambia ametumwa na wakaguzi.

Nikamwambia kipima hewa pekee ambacho mwenye nyumba hawezi kukivisha soksi ni kichwa chenyewe, na mimi ndiye niliyekivisha. Nataka kukivua.

"Mama Chaula," alisema, "watu elfu tatu utawarudishia maumivu ambayo waliyasahau, wengine hawajawahi kuyaonja. Nani amekupa haki hiyo?"

Nilimwambia ufunguo uko kwangu. Akavuta blanketi, akasema hakuyasikia niliyomwambia, na kwamba ukungu utaondoka Alhamisi. Ilikuwa Jumatatu.

Saa tano na nusu niligeuza ufunguo. Mtambo ukaandika kwamba utafungwa saa saba na nusu, na kwamba naweza kughairi wakati wowote kabla ya hapo. Laiti usingeniambia hilo.

*

Mdogo wangu Ambele ni seremala. Karakana yake iko nje kabisa ya makazi, wazi pande zote, kwa hiyo kwake sikuwa na hofu ya mkaa. Hofu yangu ilikuwa nyingine.

Ambele ana kichwa cha kisu. Wengine wana kipandauso wakidhani ndio mwisho wa mateso, lakini wa kipandauso hulala akatulia, na wa kisu hatulii. Huja kila mwaka msimu mmoja, kila siku saa ileile, nyuma ya jicho moja. Jicho hilo linakuwa jekundu na kutoa machozi, pua ya upande huo inachuruzika, na mtu mzima anazunguka chumba akijigonga ukutani. Cha Ambele ni cha Julai, jicho la kushoto, saa nane mchana. Kabla ya kizimio nilimshikilia misimu mitatu. Ana kovu kwenye paji la uso la fremu ya mlango aliyoitengeneza mwenyewe. Siku nilipompachika punje yake alinishika mikono na kuniapisha kwamba, lolote litakalotokea duniani, kisu hakitarudi. Nikaapa. Nilikuwa nalia kwa furaha.

Nilimkuta anapiga randa ubao. Nilimweleza yote bila kuketi. Aliendelea kupiga randa mpaka nilipofika kwenye saa saba na nusu, hapo mkono ukasimama. Akaniuliza kama siwezi kusubiri saa tisa na nusu, kisu kipite kwanza kikiwa kimezimwa. Nilikuwa nimelifikiria hilo njiani, hatua kwa hatua. Nikamwambia sijui nani anakufa sasa hivi, wala nyumba gani, wala kama amebakiza saa mbili.

Nikafungua mdomo kumwomba ruhusa.

"Usiniombe, dada," alisema. "Ukiniomba nitakataa."

Nikamwambia kliniki kuna mtungi mmoja wa oksijeni, umejaa. Oksijeni safi kwa kasi, lita kumi na tano kwa dakika, ndiyo dawa ya kisu iliyokuwepo kabla ya vizimio. Ikianza mapema inakivunja ndani ya robo saa. Nikamwambia mtungi ule ni wake. Nilisema hivyo kwa maneno hayo, mtungi ni wako, na akayashika kama mtu anavyoshika kamba.

*

Saa saba na nusu Mtambo ulifungwa. Ambele alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kliniki, barakoa mkononi, macho kwenye saa ya ukutani. Mimi nilisimama mlangoni nikiangalia barabara ya makazi.

Kwa dakika tano hapakuwa na kitu. Ukungu ulikuwa umelala hadi chini na milango yote imefungwa, na nikaanza kutumaini kwamba nimekosea. Kisha mlango wa nyumba ya nane ukafunguka, akatoka mwanamke ameinama, kiganja kwenye paji la uso. Alisimama nje akivuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Nyumba ya kumi na tatu wakatoka watano, baba amebeba mkubwa wa watoto, na yule mkubwa anatapika. Kisha milango ikaanza kufunguka kwa wingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Watu walikuwa wanalia kwa mshangao. Watoto wa miaka mitano, sita, ambao hawakuwahi kuumwa kichwa tangu wapate akili, walikuwa wanawauliza mama zao kuna nini ndani ya kichwa, kitoeni. Nimesikia vilio vingi katika kazi yangu na hakuna kilichonitia hofu kama kile, kwa sababu wote walikuwa wananitazama mimi.

Nikapanda kwenye benchi nikapaza sauti: aliye na jiko alitoe, aliyebaki ndani atolewe, kaeni nje, nje kitapungua. Safari hii hawakuhitaji kuniamini. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake mwenyewe, uliopungua kila alipovuta hewa ya ukungu. Majiko yakaanza kutoka, moja, kumi, mia, yakapangwa barabarani yakiwaka mbele ya macho ya wakaguzi wanne, nao walikuwa wameketi chini wameshika vichwa.

Saa nane kamili nikasikia Ambele anagugumia ndani. Nilikimbia, nikamvalisha barakoa, nikafungua mtungi hadi mwisho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaiva. Alinishika kiuno kama alivyokuwa akinishika tukiwa watoto, na nikahesabu naye pumzi. Ilipofika dakika ya sita mshiko wake ulianza kulegea kidogo. Kisu kilikuwa kinasita. Nikamshukuru Mungu, nikamwacha na mtungi wake, nikarudi mlangoni kuangalia milango ambayo bado haijafunguka.

Ilikuwa michache. Wa thelathini na moja ukafunguka wakati nautazama, akatoka Bi Eselina peke yake, amejifunga kitambaa kichwani. Nikamwendea. Nikamwuliza Lusia yuko wapi.

Akasema Lusia ni mzazi, hatoki kabla ya arobaini, na upepo huu haumfai. Nikamwuliza mtoto.

"Ameshatulia, Yusta mwanangu. Dawa yako imefanya kazi. Amenyamaza tangu saa nne."

Mtoto wa siku kumi na mbili hana kizimio. Nilisimama mbele ya bibi yule na maneno yale yakaniingia moja baada ya jingine. Katika nyumba ile kulikuwa na kichwa kimoja kilicho wazi, na kilikuwa kimelia siku tatu mchana na usiku, na mama yake alizimwa, na bibi yake alizimwa, na mtaalamu wa vichwa alitoa dawa ya tumbo na kufanya utani.

Chumba cha mzazi kilikuwa na joto zuri. Ndivyo inavyotakiwa: mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa mablanketi, jiko chini ya kitanda cha kamba lisizimike siku arobaini. Lusia alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, kucha zina ule wekundu wa wazee wa Ilomo. Mtoto alikuwa kifuani pake. Nilimchukua, shingo ikaanguka nyuma.

*

Tuliwabeba hadi kliniki, mimi nikimbeba mtoto, wanaume wawili kutoka barabarani wakimbeba Lusia. Wote wawili walikuwa wanapumua, kwa kuchelewachelewa. Nilimbana Lusia kile kipimo cha kidoleni, kikaonyesha asilimia tisini na tisa, damu imejaa hewa. Kipimo hicho hakijui kutofautisha hewa nzuri na ya mkaa. Kumtoa nje peke yake kungechukua saa nyingi ambazo hakuwa nazo. Kinachoifukuza hewa ya mkaa kwenye damu ni oksijeni safi kwa kasi, lita kumi na tano kwa dakika.

Ambele alikuwa amekaa ameegemea ukuta, barakoa usoni. Jicho lilikuwa bado linatoa machozi. Alituona tunaingia, akamwona Lusia, akamwona mtoto, akaelewa kabla sijasema. Ningependa kuandika kwamba aliivua barakoa mwenyewe. Watu wengi hapa wanasimulia hivyo, na mimi siwasahihishi mbele yake. Hakuivua. Aliishika kwa mikono miwili na kutikisa kichwa.

Mtungi ule haugawanyiki kwa watu wazima wawili. Nusu ya kasi haimfai huyu wala yule. Na ukimtoa mtu wa kisu kwenye oksijeni kabla hakijavunjika, kinarudi na hasira yake yote.

"Uliapa," alisema ndani ya plastiki.

Nikasema ndiyo. Kisha nikafungua vidole vyake, kimoja kimoja. Ni fundi, vidole vyake vina nguvu kuliko vyangu, na hadi leo sijui kama alishindwa au aliniachia. Nikamvalisha Lusia barakoa, nikapachika mrija mdogo pembeni kwa mtoto, nikafungua tena mtungi.

Kisu kilirudi baada ya dakika nne. Sitaeleza. Wale wanaume wawili walimshikilia asifike ukutani, na mmoja wao baadaye aliniambia anatamani asingebeba mtu siku ile. Ambele alilitaja jina langu mara nyingi. Sikugeuka, kwa sababu nilikuwa na kidole kwenye mshipa wa mtoto na sikuthubutu kukosa pigo hata moja. Naliandika hilo kama sababu. Sababu nyingine ni kwamba ningemwangalia ningeirudisha barakoa.

Saa tisa kasoro dakika kumi Lusia alikohoa, akageuza macho. Nilimwita jina, akajaribu kuitika. Mtoto alikuwa bado hajatikisika. Bi Eselina alikuwa amepiga magoti miguuni pangu, kitambaa kimemwanguka, akiomba kwa Kikinga maneno ambayo mama yangu alikuwa akiyasema. Nyuma yangu kelele za Ambele zilikuwa zimeshuka na kuwa mkoromo. Saa ya kisu ilikuwa inaisha yenyewe, kama inavyoisha siku zote, ikiwa imeshachukua ilichotaka.

Kisha mtoto akakunja uso. Akakusanya ngumi zake mbili, akavuta pumzi ndefu isiyolingana na mwili wake, akalia. Kilikuwa kilio kikali, cha maumivu, si cha njaa, na sasa nilijua tofauti yake.

Bi Eselina aliinuka haraka, mkono kwenye chupa ya dawa niliyompa asubuhi. Mazoea tu. Nikaishika chupa.

"Mwache alie, mama," nikasema.

Tukakaa tukamsikiliza. Nje mlangoni watu waliokuwa wamekaa chini barabarani waliacha kuzungumza, nao wakasikiliza. Nikageuka hatimaye kumtazama mdogo wangu. Alikuwa amekaa sakafuni, jicho la kushoto limefumba kwa uvimbe, la kulia linamtazama mtoto. Nilimwita. Hakuitika, na sikumwita tena.

Usiku, saa sita za kufungwa zilipokwisha, nilishuka kwenye Mtambo kuufundisha upya. Sekela alikubali kuvaa kofia ya nyaya na kukaa nusu saa karibu na jiko lake, mlango wazi, mpaka kichwa chake kikaanza. Kioo kikawaka. Kiitweje? Nikaandika: Kichwa cha jiko. Kizimwe au kiachwe? Nikaandika: Kiachwe.

Kikafuata cha kisu, kwa mchoro wake wa zamani. Nilijua jibu, nilikuwa nimelijua miaka yote. Nilikuwa na kidole juu ya kitufe niliposikia hatua kwenye ngazi, nzito, za mtu anayeshika ukuta. Ambele alikuja akasimama nyuma yangu. Alisoma swali kwenye kioo kwa lile jicho moja, akapeleka mkono juu ya bega langu na kubonyeza mwenyewe: Kizimwe. Halafu akapanda ngazi kurudi juu, bila kunigusa.